Waziri, Tufundishe Kukagua Kabla ya Kupulizia

Kwa Waziri wa Kilimo,
Kaunti ya Uasin Gishu.

Mheshimiwa,

Ngano imestawi kijani kuanzia huku Kimumu hadi Moiben, na mvua imekatika. Huu ndio msimu wa vidukari. Jike lao halingoji dume. Huzaa watoto hai, nao baada ya wiki moja hivi wanazaa pia.

Anayetusumbua zaidi ni kidukari wa ngano wa Urusi, aliyeonekana nchini mwaka 1995. Huyu hakai juu ya jani. Hulifanya likunjike kama sigara, akajificha ndani, na kinachobaki nje ni michirizi myeupe au ya zambarau. Ukisubiri mpaka masuke yanaswe na kupinda, umechelewa. Dawa ya kugusa haimfikii humo ndani. Badala yake inaua mbawakavu wekundu wenye madoa meusi, wale waliokuwa wakimla bila malipo. Wapo pia vidukari wengine wanaosambaza virusi vya kudumaza ngano na kuifanya manjano, na ugonjwa huo hauna dawa.

Mbolea ya ruzuku ya shilingi 2,500 kwa gunia la kilo 50 imetufaa, sikatai. Ila tusipokagua, mbolea hiyo hiyo tunawalishia wadudu. Kukagua shamba hakuhitaji mashine: unaingia katikati (si kuchungulia ukiwa kando ya ua), unakwenda zigizaga, kila unaposimama unakunjua majani ya mashina kumi na kuandika mashina mangapi yana wadudu. Mara moja kwa wiki, tangu ngano ianze kutoa machipukizi. Usisahau ngano iliyojiotea yenyewe baada ya mavuno. Humo ndimo wanamosubiri msimu.

Tunakwama kwenye hesabu. Mashina mangapi kati ya mia ndiyo ya kumfanya mtu abebe pampu? Wengi wetu huamuliwa na muuza dawa, na muuza dawa hajawahi kumwambia mtu arudi nyumbani angoje.

Naomba kila wadi ipate afisa wa nyanjani wa kutembea nasi mashambani, na kaunti itangaze kipimo hicho kwa redio na kwa ujumbe wa simu. Chuo Kikuu cha Eldoret ni jirani yetu, na ndicho kilichotoa mbegu ya Eldo Ngano 1. Wataalamu hawako mbali. Watume wiki hii, Mheshimiwa, kabla jani la mwisho halijachomoza.

Mkulima wa ngano,
Kimumu.