Asiyekuwapo na Lake Halipo



Jumamosi moja baada ya mishahara nilimkuta mama mmoja mchuma chai amekaa kwenye benchi nje ya kibanda cha simu, katika soko lililo karibu na shamba letu. Alitaka kujua kama mwajiri wake amepeleka fedha zake za akiba ya uzeeni. Zamani tungekwenda ofisini na barua mkononi, tukapanga foleni. Siku hizi habari hizo zimo katika intaneti. Mama yule hana simu ya kuifungua, na hata angekuwa nayo, maelezo yote yameandikwa kwa Kiingereza. Basi alimlipa kijana wa kibanda shilingi elfu mbili, akampa na namba yake ya siri, ili asomewe habari za jasho lake mwenyewe. Kijana akasoma: miezi mitano haikulipwa.

Nakisimulia kisa hiki kwa sababu wako ndugu katika chama chetu wanaosema kwamba intaneti ni mambo ya wasomi na vijana wa mjini. Mimi nasema ni jambo la mfanyakazi, sawasawa na jambo la mizani ya kupimia majani. Kila mchumaji anajua kwamba hatari haiko katika chuma cha mizani. Hatari iko kwa mtu anayeishika, anayeisoma peke yake, na asiyekubali kukaguliwa. Wazee wetu walipigania haki ya kuwa na mjumbe wao mbele ya mizani. Leo mizani nyingine imekuja. Je, mjumbe wetu yuko wapi?

Watu wengi hudhani intaneti ni mali ya kampuni moja kubwa, au ya serikali ya Marekani. Si hivyo. Kanuni zinazoziwezesha mashine za dunia nzima kusikilizana hutungwa na kundi la mafundi liitwalo IETF, ambalo lilianza kukutana mwaka 1986. Kundi hilo halina kadi ya uanachama. Mtu yeyote mwenye hoja anaruhusiwa kuitoa, na jambo hupita pale wengi wanapoelewana na pingamizi zimesikilizwa. Vilevile, kituo cha utafiti cha CERN huko Uswisi, ambako Tim Berners-Lee alibuni mtandao wa kurasa tunazozisoma, kiliitoa programu yake kwa umma tarehe 30 Aprili 1993, bila kudai malipo. Kama wangeamua kuiuza, huenda leo tungelipa ushuru kwa kila ukurasa.

Tusidhani kazi hiyo ilifanywa ng'ambo tu. Tuwatazame majirani zetu wa Kenya. Kabla ya mwaka 2000, barua ya intaneti iliyotoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi nyingine ya Nairobi, iliyounganishwa na kampuni tofauti, ilirushwa kwa setilaiti mpaka Ulaya au Marekani, kisha ikarudi, na safari yote ililipiwa kwa fedha za kigeni. Mwishoni mwa mwaka huo kampuni za intaneti zilijenga kituo chao cha kubadilishana mawasiliano humo humo mjini, kisicho cha kutafuta faida. Kampuni ya simu ya serikali, iliyokuwa na ukiritimba, ikalalamika. Kituo kikafungwa Desemba, kabla hata hakijakomaa. Wenyewe hawakukata tamaa. Walikwenda mbele ya baraza la rufaa, wakaeleza, wakabishana, na kituo kikafunguliwa tena Februari 2002. Mwaka 2012 kiasi cha asilimia 30 tu ya mawasiliano ya intaneti ya Kenya ndiyo yaliyopatikana humo nchini. Kufikia 2020 yalikuwa asilimia 70. Sisi Uganda tulipata kituo chetu Kampala mwaka 2001. Na tangu mwaka 2000 mafundi wa Afrika wamekuwa wakikutana katika jumuiya ya AfNOG na kufundishana kazi hii, walimu wakijitolea.

Wako pia waliojitolea karibu zaidi na mtu wa chini. Mwaka 2007, katika nchi ya Waacholi, watu wakiwa bado kambini kwa sababu ya vita, mradi wa BOSCO wa Jimbo Kuu la Gulu ulianza kuunganisha kambi kwa nguvu za jua na minara ya redio. Huko Kibera, Nairobi, vijana wa Tunapanda wameunganisha shule na vituo vya kujifunzia ambavyo kampuni kubwa hazikuona faida kwavyo. Na kule Mankosi, kijijini Afrika ya Kusini, wanakijiji wenyewe waliandikisha ushirika mwaka 2014, wakajenga mtandao wao wa simu na intaneti, wakauita Zenzeleni, yaani jifanyieni wenyewe. Sisi tunaojua ushirika wa kahawa na pamba hatuhitaji kufundishwa maana ya neno hilo.

Tena wako viongozi wa matawi ya Internet Society, ambayo yamezidi mia moja duniani, pamoja na Uganda, Kenya na Kongo. Viongozi hao huchaguliwa na wanachama, hawapati mshahara wa kazi hiyo, na hukutana baada ya saa za kazi. Ndugu zangu, mtu wa namna hiyo tunamfahamu. Ni kama mjumbe wetu wa kiwandani, yule anayeacha chakula chake cha mchana ili asikilize malalamiko ya mwenzake, na mwisho wa mwezi bahasha yake ni ile ile.

Kazi yao ina maadui. Tarehe 1 Julai 2018 serikali yetu ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia WhatsApp, Facebook na mitandao ya namna hiyo. Kwa mwenye mshahara mkubwa, shilingi 200 si kitu. Kwa kibarua wa shamba ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kabla hajanunua hata kifurushi kimoja. Watu walipinga, na wengi wakaacha kutumia. Mwaka 2021 kodi hiyo ikaondolewa, lakini mahali pake pakawekwa asilimia 12 juu ya vifurushi. Januari 2021, usiku wa kuamkia uchaguzi, intaneti ilifungwa nchi nzima kwa siku zipatazo tano. Ndugu zetu wa Kongo walifungiwa karibu siku ishirini baada ya uchaguzi wa Desemba 2018. Njia ikifungwa hivyo, hata katibu wa tawi hawezi kuwaita wajumbe wake kikaoni. Waliosimama kupinga mambo haya, wengi wao walikuwa hao hao wanaojitolea.

Nimewasifu, na wanastahili. Lakini chama cha wafanyakazi hakifaidiki kwa sifa tupu, kwa hiyo nitasema pia lililo baya. Katika mikutano ile ya mafundi wa dunia mlango u wazi, lakini nauli haiko wazi. Wengi wanaofika hupelekwa na kampuni zao, na kampuni haimlipii mtu nauli ili akatetee wachuma chai. Hata hapa kwetu, anayeweza kujitolea ni yule mwenye kazi ya ofisi, kompyuta mezani, na jioni isiyo na kuni za kutafuta wala mtoto wa kuogesha. Kwa hiyo mambo mengi mazuri huzungumzwa kwa ajili yetu, sisi wenyewe tusiwepo. Mwaka 2024 ni watu 38 tu kati ya mia barani Afrika waliotumia intaneti. Wale 62 waliobaki nje ni nani? Ukitaka kuwaona, njoo shambani saa kumi na mbili asubuhi.

Kosa hilo si lao peke yao. Ni letu pia. Asiyekuwapo na lake halipo. Tumewaachia wengine shughuli hii, kisha tunashangaa kwamba karatasi ya mshahara imegeuka kurasa za Kiingereza ndani ya simu tusiyo nayo.

Kwa hiyo naomba kila tawi lizungumze mambo matatu katika mkutano wake ujao.

Kwanza, kila tawi lichague wajumbe wawili, mmoja awe mwanamke, wajiunge na tawi la Internet Society la nchi yetu. Mtu binafsi hujiunga bila ada. Nauli ya kwenda mikutanoni itoke katika mfuko wa chama, kama tunavyomlipia mjumbe anayekwenda semina.

Pili, katika mapatano yajayo na waajiri tudai kwamba habari za mshahara na akiba zitolewe kwa lugha tunayoifahamu, zisomeke hata kwa simu ndogo ya tochi, na anayetaka karatasi apewe karatasi. Mtu asilazimishwe kununua kifurushi ili ajue alichopata.

Tatu, majumba yetu ya mikutano yaliyolala bure siku sita kwa wiki yafunguliwe kwa vijana wanaojua kazi hii, wajenge mtandao wa ushirika, nasi tuwe wenye hisa.

Mama yule mchuma chai alileta habari yake kwenye tawi. Tulipouliza wenzake tukakuta kumi na mmoja wana upungufu ule ule, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akijua. Shauri liko mbele ya mwajiri sasa. Lilifika huko kwa sababu mtu mmoja alikuwa na shilingi elfu mbili za kumlipa kijana. Wangapi hawakuwa nazo?