Umeokoka mara ngapi? Mimi ni mara nne

Kama unaishi Kitengela, hii unaijua. Ni Jumapili jioni, spika zimepangwa kando ya barabara ya Namanga, mhubiri amelowa jasho na anauliza: ukifa usiku huu utaenda wapi? Mkono unainuka wenyewe. Wangu umeinuka mara nne tangu niache chuo. Kila mara naambiwa ule wokovu wa mwisho ulishaisha kwa sababu "nilirudi nyuma".

Sasa hebu tuulizane, msee. Wokovu ni bando ya intaneti, ikifika saa sita usiku imekwisha?

Hili swali ni la zamani. Mwaka 1517 Martin Luther alipinga uuzaji wa vyeti vya msamaha kule Ujerumani, kisha akafundisha kwamba mtu huokolewa kwa imani pekee. Mnamo 1619 Sinodi ya Dort, Uholanzi, ikasema wateule wa Mungu hawawezi kupotea kabisa. Baadaye John Wesley, baba wa Wamethodisti, akasema unaweza kuupoteza wokovu. Mmoja atakusomea Yohana 10, mwingine Waebrania 6. Kwa hivyo ukiambiwa kwenye matatu kwamba jambo hili ni rahisi, jua aliyekwambia hajasoma zote mbili.

Mimi nimechagua upande. Waefeso 2 inasema ni zawadi, tunaipokea kwa imani. Na zawadi hulipii kila wiki. Ukiamini wokovu wako unaweza kuisha wakati wowote, mwenye maikrofoni anakumiliki: leo sadaka, kesho mbegu, keshokutwa mfungo. Kumbuka Shakahola, mwaka 2023. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Waendesha mashtaka wanasema waumini waliambiwa wajinyime chakula hadi kufa ili wakutane na Yesu. Hapo ndipo unafika ukianza kulipia mbingu.

Lakini usinielewe vibaya. "Imani pekee" pia tunaitumia kujificha. Mimi niliitumia.

Shosho yangu wa Kajiado alinitumia karo ya Sh38,000. Niliibeti yote, nikaisha. Ndiyo maana niliacha chuo. Nikainua mkono, nikasamehewa, nikalala fofofo. Shosho hakujua lolote hadi mwaka huu, nilipopanda matatu, nikapita Isinya, nikaenda kumwambia.

Shosho ni mtu wa Uamsho, ile harakati iliyoanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ikaenea Uganda kwa jina la Balokole na kuingia Kenya. Hawa watu walijulikana kwa kuungama hadharani na kurudisha vitu walivyoiba. Nikamwambia, "Shosho, Mungu alishanisamehe."

Akanimiminia chai. "Najua. Hata mimi nimekusamehe. Sasa karo yangu utaanza kulipa lini?"

Manze, sikuwa na jibu. Nikarudi Kitengela nikasoma kuhusu Zakayo katika Luka 19. Angalia mpangilio: Yesu anajikaribisha kwake kwanza, Zakayo akiwa bado mwizi wa ushuru. Ahadi ya kurudisha mara nne inakuja baadaye, na hakuna aliyemwomba. Hanunui chochote. Ameshapokelewa, sasa mkono unafunguka.

Mimi sina mara nne. Natuma Sh500 kwa M-Pesa kila Ijumaa, bado Sh31,500. Hazinipeleki mbinguni hata hatua moja, na wiki nikikosa sidhani Mungu ananifuta kwenye daftari. Shosho ndiye hupiga simu.

Kwa hivyo Jumapili hii mhubiri akiita, inua mkono ukitaka. Lakini kama uliuinua mwaka jana na ulimaanisha, kaa chini. Halafu Jumatatu mpigie yule mtu unayemkwepa. Unamjua.