Ukuta wa Nyumba Si Uzio wa Bwawa

Mama aendaye kazini humwachia jirani mwanawe kwa imani kubwa. Aghalabu mlezi huyo huwa na watoto wanne au watano katika ua mmoja, wengine wakitambaa, wengine wakikimbia. Leo yafaa tuutazame ua huo, hasa iwapo pana bwawa la kuogelea, kisima au tangi lililochimbwa ardhini.

Mlezi atasema, "Mimi nawaangalia." Hatuna shaka na nia yake. Lakini amwoshapo mmoja, mwingine huwa amekwisha kutoka mlangoni. Wala asitazamie kusikia ukelele, kwani mtoto mdogo huzama kimya, na kwa dakika chache tu. Kichwa chake ni kizito kwa kulinganisha na kiwiliwili. Akitangulia kichwa majini, hana nguvu za kujiinua. Kwa sababu hiyo hata ndoo yaweza kumwua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano.

Basi jicho la mlezi halina budi lisaidiwe na uzio. Katika jimbo la Queensland, Australia, sheria hutaka uzio wa bwawa la nyumbani uwe na kimo kisichopungua sentimita 120, usiwe na nafasi zinazozidi sentimita 10, na lango lake lifungukie nje, lijirudishe na kujikomea lenyewe. Tena mlango wa nyumba hauruhusiwi kufungukia moja kwa moja penye bwawa la uani.

Sharti hilo la mwisho ndilo tulisahaulo. Wengi wetu huzungushia bwawa uzio pande tatu, na ukuta wa nyumba wakauhesabu kuwa upande wa nne. Lakini ukuta huo una mlango wa jikoni, na watoto wamo ndani ya nyumba! Uzio wa namna hiyo huwazuia watoto wa jirani, huku ukiwafungia wa nyumbani pamoja na maji. Uchunguzi uliolinganisha nyua za aina hizi mbili umeonyesha kuwa uzio wa pande nne, uliotenga bwawa na nyumba, huokoa zaidi.

Asiye na bwawa asidhani hayamhusu. Kisima kijengewe ukingo na kiwekewe mfuniko imara wenye kufuli. Tangi lifunikwe vivyo hivyo. Beseni na ndoo zimwagwe maji mara kazi iishapo. Viti na mapipa visiachwe karibu na uzio, maana mtoto huvifanya ngazi. Na lango lisizuiliwe kwa jiwe hata kwa dakika moja.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Wembe humkata kidole akajifunza. Maji hayampi nafasi ya kujifunza.

Kwa hiyo, mama, kabla hujamkabidhi mwanao kesho, mwombe mlezi akuonyeshe ua wake. Lisukume lango kisha uliachie, uone kama litajifunga lenyewe. Kufanya hivyo si kumvunjia heshima jirani. Ni kumsaidia kazi aliyokubali kukufanyia.