"Baba, si ulisema nirudishe?"

Mzazi mmoja wa hapa Tunduma alinisimulia kisa cha mwanawe wa darasa la sita. Kila asubuhi, akipita pembeni ya foleni ya malori ya kwenda Zambia, wavulana wawili wakubwa wa shuleni kwao walimkaba na kumnyang'anya hela ya maandazi. Alipolalamika nyumbani, baba alimjibu kama wengi wetu tunavyojibu: "Wewe ni mwanaume. Wakikupiga, rudisha."

Mtoto akarudisha, kwa jiwe. Mwenzake akashonwa nyuzi juu ya jicho. Aliyeitwa shuleni, akalipa matibabu na kuomba radhi, ni baba wa yule aliyekuwa akionewa. Kinachomuuma hadi leo si fedha. Mwanawe alimuuliza njiani, "Baba, si ulisema nirudishe?"

Mzazi mwenzangu, tunapomwambia mtoto arudishe, tunamkabidhi kazi yetu sisi. Jiwe halichagui pa kupiga, na mtoto aliyetimiza miaka 12 anaweza kufikishwa mahakama ya watoto.

Basi tumwambie avumilie? Hapana. "Achana nao" nayo ni kumtelekeza. Mtoto anayevumilia peke yake huanza kuumwa tumbo kila Jumatatu, hutoroka shule, au humalizia hasira kwa wadogo zake.

Mfundishe tofauti ya kujinasua na kulipiza. Akikabwa, ana haki ya kusukuma, kupiga kelele na kukimbilia dukani au kwa mama ntilie. Kumvizia mwenzake kesho yake na jiwe mfukoni ni kulipiza.

Yanayobaki ni yako. Siku hiyo hiyo andika nani, wapi na lini. Kesho yake asubuhi nenda naye shuleni, umwone mwalimu wa darasa au mwalimu wa malezi. Uliza watafanya nini, na baada ya wiki rudi uone kama wamefanya. Wazazi wa mtoto mwingine kutana nao mbele ya mwalimu, si getini kwao ukiwa na hasira. Na usimchape mtoto wa mwenzio. Mara nyingi anayeonea wenzake naye anapigwa kwao.

Kukiwa na majeraha au silaha, nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au piga 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto.

Leo jioni usimuulize mwanao "Shule vipi?" Atasema "Nzuri." Muulize, "Leo ulipita njia gani, na ulikuwa na nani?" Kisha nyamaza, umsikilize. Mtoto akijua kwamba akisema utanyanyuka, hatahitaji jiwe.