Bibi Ambaye Bado Analea
Wanafunzi wa ustawi wa jamii hufundishwa hatua nane za Erik Erikson: katika hatua ya saba mtu wa makamo hulea kizazi kinachofuata, na katika ya nane mzee hutazama nyuma na kuyapima maisha yake. Mpangilio huo una manufaa, lakini ukifika nao vijijini unapwaya. Bibi wa miaka 72 anayelea wajukuu waliofiwa na wazazi yumo katika hatua ya saba na ya nane kwa pamoja; anahangaikia sare za shule huku magoti yakimuuma, na hata nafasi ya kumlilia mwanawe aliyemzika hajaipata. Joan Erikson, mke wa Erik, akiwa ameingia miaka ya tisini, aliandika juu ya hatua ya tisa, iliyochapishwa mwaka 1997, kwa kuwa uzee aliouishi ulikuwa mzito kuliko ule walioueleza yeye na mumewe. Kwa upande wa msaada wa fedha, Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni wakazi waliotimiza miaka 70, hata wasiowahi kuajiriwa. Nauheshimu sana uamuzi huo. Lakini mkimtembelea bibi huyu, wanangu, msianze na fomu. Muulizeni kwanza usiku analala saa ngapi, na akiugua nani humpokea kazi.