Mguu unaochoma moto si uzee: tunadai dawa yenye kufaa

Wananchi wenzetu wa Bukavu,

Kila asubuhi tunawaona wamama wabebaji wakipanda Kadutu, kamba kwenye paji la uso, mugongo umepinda chini ya gunia. Wengi wangali vijana, lakini tayari mguu unachoma sawa moto na kufa ganzi hadi kwenye vidole. Wakifika kwenye farmasi ya pembeni ya barabara, wanauziwa diclofenac, mwezi kisha mwezi. Dawa hiyo ikimezwa muda mrefu inaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo. Mguu nao ungali unachoma. Mwishoni wanaambiwa: "Mama, ni uzee ule."

Hilo jibu tunalikataa!

Mifupa ya mugongo ikibana mushipa wa fahamu, mushipa wenyewe njo unalia. Maumivu ya namna hiyo hayasikii sana dawa za uvimbe. Waganga wana dawa zingine: amitriptyline, gabapentin, duloxetine. Amitriptyline ni ya zamani, bei yake ni ndogo, na iko kwenye orodha ya dawa za lazima ya OMS. Inaanzwa kidogo, usiku, inapandishwa polepole, na inaomba majuma kadhaa mbele ya kupima kama inasaidia. Inaleta usingizi na kukausha kinywa, na wenye ugonjwa wa moyo wanapashwa kuchunga. Kwa hiyo inaomba munganga, haiombi muuzaji wa barabarani.

Hatuuzishe miujiza. Mwaka 2017, uchunguzi uliofanywa Australia juu ya maumivu yenye kushuka kwenye mguu ulionyesha pregabalin haikupita kidonge cha bure. Tunachodai si kumwagiwa vidonge. Tunadai mutu wa kupima mugonjwa kwanza.

Sababu kuna hatari ingine. Kifua kikuu kinaweza kula mifupa ya mugongo. Dawa zake ni za bure katika programu ya taifa, lakini mama anayemezeshwa vidonge vya maumivu bila kupimwa anaweza kupooza akingojea. Na tramadol inayouzishwa kidonge kimoja kimoja, bila karatasi ya munganga, inafunga watu: leo kimoja, kesho tatu.

Watatuambia makuta hakuna. Kifungu cha 47 cha Katiba kinahakikisha haki ya afya. Na huko Abuja, mwaka 2001, wakubwa wa Afrika waliahidi 15% ya bajeti kwa afya. Sisi tuliosoma hadi iniversite na kukaa bila kazi tunajua kuhesabu: ahadi haimezwi na maji.

Tunadai:

1. Amitriptyline isikosekane kwenye vituo vya afya, kwa bei ya mubebaji;
2. Wauguzi wafundishwe kutofautisha maumivu ya mushipa na ya musuli;
3. Kila mwenye mugongo unaouma pamoja na homa ao kukonda apimwe kifua kikuu;
4. Tramadol isiuzishwe tena sawa bombo.

Na wewe mama, wewe papa: miguu ikilegea ghafula, ao mukojo ukikushinda, usingoje kesho. Kimbia hospitali.

Viongozi wanabadilika, gunia ni lile lile. Migongo hii njo inalisha muji. Hatutanyamaza mpaka itunzwe.