Mtalii wa hema apandaye daladala asipuuzwe

Inapotajwa biashara ya utalii, mawazo ya wengi hukimbilia kwenye magari ya safari yenye paa la kufunguka, hoteli za mbugani na wageni waliolipia kila kitu huko huko kwao kabla ya kupanda ndege. Mkulima wa Kilolo au muuza nyanya wa Ilula haoni senti ya fedha hizo, na si ajabu kwamba amezoea kuuona utalii kama jambo lisilomhusu. Lakini yupo mgeni wa aina nyingine, ambaye hana kampuni ya kumbeba. Analala kwenye hema lake nje ya mji, asubuhi anasimama barabarani kama abiria mwingine yeyote, anapanda gari kwenda mjini, anazunguka sokoni, anakula kwa mama lishe na jioni anarudi kambini na mfuko wa parachichi. Fedha yake si nyingi. Ila huitoa mfukoni mwake mwenyewe, noti moja moja, na kuikabidhi kwa mtu aliye mbele yake.

Mgeni huyu amepuuzwa mno, na wanaopata hasara kwa kumpuuza ni wakulima na wafanyabiashara wadogo wa kandokando ya barabara kuu.

Ulaya jambo hili ni la kawaida. Nchini Italia, mkabala na mji wa Venice, iko rasi nyembamba ya Cavallino-Treporti yenye kambi kubwa za mahema. Magari hayaingii ndani ya Venice. Barabara inakomea Piazzale Roma. Kwa hiyo mgeni huacha hema na gari lake kambini, huenda kwenye gati la Punta Sabbioni na kuvuka kwa boti ya umma, akiwa amebanana na wafanyakazi na wanafunzi. Cha kuzingatia kwa msomaji wa kurasa hizi ni kwamba rasi hiyo hiyo ni eneo la wakulima wa mboga. Bustani na mahema vinakaa jirani, na jirani mmoja hula alichopanda mwenzake.

Hata hapa nchini mfano upo. Malori ya watalii wanaovuka Afrika kwa miezi kadhaa yamekuwa yakiegesha kwenye fukwe za Kigamboni, na wageni wakitaka kwenda mjini hupanda pantoni pamoja na wauza samaki na kushukia Magogoni. Tangu mwaka 2016 wanaotoka hapo Kivukoni wanaweza pia kupanda mabasi ya mwendokasi hadi Kimara. Daraja la Nyerere nalo lilifunguliwa mwaka huo huo, lakini kwa mtu mwenye hema na begi la mgongoni pantoni bado ndiyo njia ya kuonea mji.

Hata hivyo, mfano unaomfaa zaidi mkulima uko Iringa. Shamba la Kisolanza, kilomita zipatazo 50 kutoka Iringa mjini kwenye barabara kuu ya kwenda Mbeya, limepokea wapiga kambi kwa miaka mingi huku likiendelea kuwa shamba. Liko pembeni mwa barabara ambayo mabasi hupita, na mgeni asiye na gari hushushwa njiani. Chakula anachouziwa, kwa maana ya mboga na nyama, kinatoka hapo hapo. Kwa lugha ya kiuchumi, mwenye shamba ameondoa dalali, usafiri na kuoza kwa mazao kwa mkupuo mmoja: mnunuzi amejileta mwenyewe hadi bustanini.

Na Iringa ina mengi ya kumtoa mtu kwenye hema asubuhi. Kalenga, yapata kilomita 15 kutoka mjini, ndiko liliko jumba la makumbusho lenye fuvu la Mtwa Mkwawa, lililorudishwa nchini mwaka 1954. Kwenye barabara ya Mbeya, kama kilomita 20, kuna njia panda ya Isimila, mahali penye zana za mawe za kale na nguzo za udongo zilizochongwa na mvua. Mjini kuna Boma la Wajerumani lililogeuzwa makumbusho, jiwe la Gangilonga, na soko kuu lenye vikapu, mchele na maharage ya kila rangi. Kote huko hufikika kwa magari ya abiria na kutembea kidogo kwa miguu. Mgeni mwenye gari la kukodi hupita sehemu hizo kwa nusu siku na kukimbilia Hifadhi ya Ruaha. Anayetegemea daladala hutumia siku mbili au tatu, na siku hizo lazima ale, anywe maji, anunue betri ya tochi, ashone begi lililochanika na apakie vocha.

Ipo hesabu ya kufanya hapa, ingawa ni ya mfano tu. Robo eka ni takriban mita za mraba 1,000. Ukilipa kila hema mita 100 pamoja na njia na kivuli, mahema 10 yanaenea. Robo eka hiyo ikilimwa mahindi kwa mavuno ya magunia 15 kwa eka, mkulima atapata magunia yasiyozidi manne. Kwa bei ya kukadiria ya sh 60,000 kwa gunia ni sh 240,000 kabla ya kutoa mbolea na vibarua. Wakija wageni wawili tu kwa usiku, kwa siku 60 za mwaka, kila mmoja akitozwa sh 15,000, ni sh 1,800,000. Wakija nusu yake ni sh 900,000. Bado hajauza mayai, mboga wala kuni.

Kalenda nayo inamsaidia mkulima wa Nyanda za Juu Kusini. Msimu mkubwa wa watalii ni kuanzia Juni hadi Oktoba, wakati mahindi yanavunwa au yameshaingia ghalani na mvua bado haijakaribia. Mikono ya nyumbani ina nafasi. Isidhaniwe tu kwamba hema linaweza kusimikwa juu ya mabua: linataka nyasi fupi, mti wa kivuli na mteremko kidogo wa kupitisha maji. Baridi ya Iringa ya Juni na Julai pia si mchezo, na mwenye eneo atakayeweza kutoa ndoo ya maji ya moto jioni atasifiwa mpaka kwao mgeni.

Hapa ndipo tahadhari inapohitajika. Choo safi, bafu, maji ya uhakika na mlinzi havipatikani bure, na inawezekana kabisa mapato ya mwaka wa kwanza yote yakaishia kwenye simenti na mabati. Asiye na maji karibu asianze. Aliye kilomita 6 ndani ya vumbi, mbali na kituo cha basi, asianze vilevile, maana atakuwa anamsubiri mwenye gari, na mwenye gari ana mahali pengine pa kwenda. Kukopa kwa ajili ya kujenga vibanda kabla hata hema la kwanza halijasimama ni kujitafutia kesi na benki. Biashara hii inamfaa mtu ambaye tayari ana bustani, kisima na njia ya magari mlangoni, akaiongeza juu ya kilimo. Anayedhani itachukua nafasi ya kilimo atakuwa amepotea.

Kikwazo kikubwa zaidi, hata hivyo, hakiko shambani. Kiko stendi. Mgeni akishuka kwenye basi huzingirwa na wapiga debe wanne, kila mmoja akivuta begi upande wake. Akipanda daladala, baadhi ya makonda humtoza nauli mara mbili au tatu kwa kuwa ni mgeni, kisha chenji inasahaulika. Konda anadhani amepata. Lakini wageni wa mahema huulizana sana njia, na aliyeibiwa sh 1,000 hatasema aliibiwa sh 1,000. Atasema usipande magari ya pale, kodi teksi upite moja kwa moja. Anayepoteza ni muuza matunda wa kituo kinachofuata, ambaye hakushiriki hata kidogo katika wizi huo.

Nauli hupangwa na LATRA, chombo kilichochukua kazi hiyo mwaka 2019 baada ya SUMATRA. Kuibandika stendi na ndani ya gari, kwa tarakimu zinazosomeka, kungemaliza ubishi mwingi, na si kwa wageni pekee: bibi anayetoka kijijini na debe lake la maharage naye hutozwa apendavyo konda. Jambo la pili ni saa. Magari mengi ya vijijini hupungua jua likizama, na mgeni asiyejua gari la mwisho huondoka mjini saa tisa alasiri kwa hofu, kabla ya kula chakula cha jioni. Tangu mwaka 2023 mabasi ya mikoani yameruhusiwa tena kusafiri usiku, lakini hilo halimsaidii mtu anayetaka kwenda kilomita 20 tu. Basi la mbali halipendi kumpakia. Mwenye kambi mwenye akili ataandika kwenye ubao saa ya gari la mwisho, nauli yake, na namba ya bodaboda mmoja anayemwamini.

Halmashauri nazo zina la kufanya. Eneo la kambi linahitaji leseni kwa mujibu wa Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, na ni sahihi iwe hivyo, kwa usalama wa mgeni na wa mwenyeji. Kosa ni pale mkulima mwenye nafasi ya mahema matano anapotakiwa azunguke ofisi tatu, kila moja na fomu yake na ada yake, kana kwamba anafungua hoteli ya ghorofa. Ofisi ya biashara ya wilaya ingeweza kumpokea, kumpeleka bwana afya akague choo na maji kwa siku moja, na kumweleza kwa maandishi anadaiwa nini na kwa nani.

Vinginevyo wakulima wa kando ya barabara kuu wataendelea na biashara wanayoijua kwa sasa, ya kukata viwanja na kuuza. Ardhi iliyo mita 200 kutoka kituo cha basi huuzwa mara moja tu, na fedha yake mara nyingi huisha kabla ya msimu wa pili wa mahindi. Wanaokusudia kujaribu mahema mwakani wangeanza maandalizi wakati wa masika, wakapanda nyasi na miti ya kivuli mvua ikiwapo, ili Juni ikute ardhi imeshashika.